Nyumba ya wazazi imepata mteja, sisi hatujapata utulivu: tuzungumzie hisia katika kuuza na kununua nyumba

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeshiriki vikao kadhaa vya familia, yangu na za majirani, ambavyo ajenda yake ilikuwa moja tu: nyumba ya marehemu iuzwe au isiuzwe, na kama inauzwa, iuzwe kwa bei gani. Vikao hivyo huanza kwa dua na maneno mazuri, kisha huvunjika pale mtu wa kwanza anapotaja kiasi cha fedha. Baada ya kuyatazama mambo haya kwa muda, nimeamini kwamba ugomvi wa bei kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa mambo mengine ambayo hayakupata mahali pa kusemwa: msiba ambao haujaisha, mtoto aliyemuuguza mzazi bila kushukuriwa, na hofu ya kila mmoja kwamba akitoka hapo hatakuwa tena na pa kurudi. Mambo hayo yasiposhughulikiwa kabla ya dalali kuitwa, yatajitokeza mezani mbele ya mteja, na hapo yatagharimu fedha pamoja na undugu.

Tuanze na sababu ya nyumba zetu kubeba mzigo mkubwa kiasi hiki. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Morogoro au Mwanza, nyumba haikupatikana kwa mkopo wa benki wa miaka ishirini. Ilijengwa taratibu: kwanza kiwanja, kisha msingi, kisha tofali zikafyatuliwa palepale, boma likasimama na kubaki pagale kwa misimu kadhaa hadi mavuno, kiinua mgongo au mchezo wa kina mama ulipotoa fedha za mabati. Wengi walihamia kabla ya lipu na kabla ya umeme. Mtoto aliyekulia humo anajua ni ukuta gani ulisimamishwa mwaka ambao baba aliachishwa kazi, na ni chumba gani mama alikipangisha ili ada ya shule ipatikane. Mteja anapokuja na kusema kwamba ukuta huo una ufa na kwa hiyo bei ishuke, anasema jambo sahihi kuhusu ukuta, lakini aliyeketi mbele yake anasikia kwamba maisha ya baba yake ndiyo yanayopunguzwa bei.

Halafu zipo nyumba za Kiswahili za Ilala, Magomeni na Kariakoo, zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vinavyotazamana, uani nyuma na baraza mbele. Mnunuzi wa leo katika maeneo hayo mara nyingi haitaki nyumba. Anataka kiwanja kilicho chini yake. Anahesabu mita za mraba, upana wa barabara na ghorofa atakazoruhusiwa kupandisha. Hapa ndipo ninapoona maumivu makubwa kuliko yote, kwa sababu muuzaji huja akiwa ameandaa sifa za nyumba, milango ya mninga, kisima cha uani, chumba cha wageni kilichowahi kulaza ukoo mzima wakati wa harusi, kisha anagundua kwamba hakuna hata sifa moja kati ya hizo iliyoingia katika hesabu ya mteja. Nyumba itabomolewa. Ni heri familia iambiane ukweli huo yenyewe kwa yenyewe, mapema, kuliko kuusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu baki mwenye futi ya kupimia mkononi.

Tabia ya kushikilia bei kwa sababu ya maumivu si yetu peke yetu. Wachumi David Genesove na Christopher Mayer walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu nyumba za ghorofani katikati ya mji wa Boston, Marekani, katika miaka ya 1990, baada ya bei za huko kuporomoka. Waliona kwamba wamiliki ambao wangeuza kwa hasara, wakilinganisha na bei waliyonunulia, walitangaza bei za juu kuliko wenzao wenye nyumba zinazolingana: waliongeza asilimia 25 hadi 35 ya tofauti iliyokuwepo kati ya bei waliyonunulia na bei ambayo soko lingewapa. Baadhi yao walipata nyongeza kidogo kutokana na msimamo huo, lakini nyumba zao zilikaa muda mrefu zaidi bila kuuzwa. Sisi tunaouza nyumba za urithi kwa kawaida hatuna bei ya kununulia ya kuililia. Tuna kitu kingine kinachofanya kazi ileile, nacho ni uvumi wa bei ya jirani. Mtu mmoja anasema nyumba ya kona iliuzwa kwa kiasi fulani, hakuna aliyeuona mkataba, lakini kuanzia siku hiyo kila mteja anayetaja kiasi pungufu anaonekana mwizi.

Pendekezo langu ni hili. Familia ifanye kikao cha kwanza ambacho ndani yake hakuna anayeruhusiwa kutaja fedha. Kikao hicho kijadili nani alibeba nini wakati wa ugonjwa wa mzazi, mama aliyebaki atakaa wapi, ndugu watakutana wapi kwa ndoa, misiba na sikukuu, makaburi kama yapo yatafanywaje, na vitu gani vitatoka na kwenda kwa nani. Kikao cha pili, baada ya wiki kadhaa, kipokee ripoti ya mthamini aliyesajiliwa na kiandike bei ya chini ambayo familia haitashuka zaidi yake, pamoja na jina la mtu mmoja atakayezungumza na wateja. Dalali aitwe baada ya hapo. Ninaomba michango yenu, hasa kutoka kwa waliouza, walionunua, na wanaoifahamu sheria.

Mchangiaji kutoka Magomeni

Asante sana, mleta uzi, kwa kuligusa jambo hili kwa heshima linayostahili. Mimi ni mmoja wa watoto watano, na nyumba ya wazazi wetu ilikwisha kuuzwa. Ningependa kueleza jambo moja linalounga mkono hoja yako ya kwanza.

Dada yetu mkubwa alikuwa akiishi na mama kwa miaka yote ya kiharusi. Mama alipofariki na sisi wengine tukaanza kuzungumzia kuuza, dada alikataa kila mteja. Wa kwanza alimwona hana adabu, wa pili alidai bei yake ni ndogo, wa tatu, aliyeleta bei nzuri, alisema hamwamini. Kaka zetu walianza kusema kwamba ana tamaa na anataka nyumba ibaki yake. Aliyetuokoa ni shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye alimwita pembeni na kumuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: "Mwanangu, unalilia nini?" Jibu lake halikuhusu bei hata kidogo. Alisema kwamba tangu mazishi hakuna mdogo wake hata mmoja aliyemwambia ahsante, na kwamba nyumba ikiuzwa ataonekana mpangaji aliyeondolewa, wakati alikuwa ameacha biashara yake ya vitenge ili amgeuze mama kitandani.

Shangazi alitukusanya. Kila mmoja wetu alisema shukrani zake mbele ya wazee, kwa jina na kwa mambo aliyoyafanya dada, na tukakubaliana kwamba kabla ya mgawo ataanza kupata kiasi cha kumrudisha kwenye biashara. Dada ndiye aliyepokea mteja aliyefuata na kumtembeza vyumbani.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila kitu kilikaa sawa. Kaka mmoja aliona kiasi hicho ni kikubwa, alitia sahihi akiwa amenuna, na hadi leo hatuzungumzi naye kama zamani. Lakini ninaamini kwamba bila kikao kile tungempoteza dada, na nyumba ingekuwa bado imefungwa kufuli, ikioza.

Mleta uzi

Dada yangu, nakushukuru kwa moyo wote. Umelisema kwa uhai zaidi kuliko nilivyolieleza mimi.

Niongeze jambo moja kuhusu kiasi alichopewa dada yenu, kwa sababu familia nyingi hukwama hapo. Shukrani na fedha ni vizuri vitenganishwe. Shukrani itolewe kwanza, bila kuambatanishwa na kiwango, ili aliyeuguza asije akahisi kwamba usiku wake wa kukesha umelipwa na kufungiwa hesabu. Kuhusu fedha, familia za Kiislamu hukumbushana, na ni haki kukumbushana, kwamba mafungu ya mirathi yamekwisha kupangwa na hayaongezwi kwa sababu ya huduma. Hilo halizuii wema: warithi watu wazima wanaweza, kwa ridhaa yao, kila mmoja kutoa katika fungu lake na kumpa ndugu yao. Kinachotakiwa ni ridhaa ya kweli, isiyotolewa kwa aibu ya kuwa mbele ya watu. Pengine kaka yenu alihitaji wiki moja zaidi ya kufikiri kabla ya kuombwa kutia sahihi.

Mchangiaji, mwanasheria

Ninapenda kuchangia kutoka upande wa sheria, kwa kuwa watu wengi huiona sheria kuwa mlolongo wa usumbufu unaochelewesha mauziano, wakati mimi nikiwa kazini naona kwamba baadhi ya vifungu vyake vinampa mtu nafasi ya kupumua.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Nimepokea wateja waliokuja na mnunuzi, fedha na gari likisubiri nje, lakini bila mwenzi. Mara nyingi mwenzi huyo hakuwa amekataa, hakuwa ameambiwa. Mume alijua kwamba mazungumzo yatakuwa na machozi, akaamua kuyakwepa kwa kuharakisha. Kifungu hicho kinamrudisha nyumbani akazungumze. Ninawaomba wanunuzi wasikubali kupitishwa njia ya mkato hapo, kwa sababu mwenzi aliyefichwa ana haki ya kuyapinga mauziano, na kesi ya namna hiyo itakula miaka na akiba yao.

Kwa nyumba ya urithi, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama si mmiliki wa mali yote. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kilichobaki kwa warithi, kisha kurudisha hesabu mahakamani. Nasema hivi kwa sababu cheo hicho hubadilisha hisia za familia usiku mmoja. Aliyeteuliwa huanza kujiona baba mpya, na wengine huanza kumwona mnyang'anyi kabla hajafanya lolote. Msimamizi mwenye busara hutuma kwa ndugu wote, kwa maandishi, kila ofa anayopokea, hata zile ndogo za kuudhi. Siri ndiyo inayozaa shaka.

Kuna kesi moja ambayo huwa naifikiria kila ninapomsikia mtu akisema kwamba mali ya ukoo haiuzwi. Bibi Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipokuwa mzee na hana mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, alifungua shauri akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na kweli kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimpa mwanamke haki ya kuitumia tu. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi Ephrahim, Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza akaamua kwamba kanuni hiyo ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba, na kwamba mauziano yalikuwa halali. Wanasheria huisoma hukumu hiyo kwa ajili ya haki za wanawake, na ni sawa. Mimi huiona pia kuwa habari ya ukoo uliolipenda shamba kuliko ulivyomtunza mwenye shamba. Tukisema kwamba ardhi hii ni damu yetu, basi tujiulize yule bibi aliyekuwa akiishi juu yake alikuwa nani kwetu.

Ushauri wa mwisho kutoka kwangu, kwa muuzaji na mnunuzi pia: msitie sahihi siku mliyokubaliana bei. Chukueni rasimu ya mkataba, mkalale nayo, na muisome asubuhi mkiwa na mtu asiyehusika. Mkataba ueleze wazi malipo ya awali yatarudishwa katika mazingira gani na kwa muda gani, maana jambo hilo lisipoandikwa ndilo huwageuza watu wawili waungwana kuwa maadui.

Mchangiaji, mnunuzi wa mara ya kwanza

Naona mjadala umeegemea upande wa wauzaji. Naomba mtusikilize na sisi wanunuzi, kwa sababu nasi tunaingia katika jambo hili na mioyo iliyojaa.

Mtu aliyepanga kwa miaka mingi, akahamishwa na wenye nyumba kila walipotaka kupandisha kodi, akaombwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hana utulivu anapoiona nyumba ambayo anaweza kuimudu. Anapoingia tu sebuleni, tayari ameshapanga makochi na amemchagulia mtoto chumba. Dalali analiona hilo usoni mwake. Ndipo inapokuja sentensi ambayo kila mnunuzi wa Dar es Salaam ameisikia: kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Nilichojifunza ni kwamba sina namna ya kujua, na kwa hiyo sentensi hiyo haipaswi kuwa na uzito wowote katika uamuzi wangu. Kama upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuhakiki nyumba imeandikwa kwa jina la nani, haujafanyika, kama sijazungumza na majirani na ofisi ya serikali ya mtaa, basi nyumba hiyo kwangu bado haijawa ya kununuliwa, hata kama wateja kumi wamepanga foleni.

Mimi na mke wangu tulijiwekea utaratibu ambao ulitusaidia sana. Kabla ya kuanza kuzunguka tuliandika mambo ambayo hatutayaachia na kiasi ambacho hatutakipita, na kila baada ya kutazama nyumba tulikaa kimya hadi turudi nyumbani. Hatukusifu wala kukosoa mbele ya mwenye nyumba. Kulikuwa na nyumba moja bondeni, upande wa mto, ambayo mke wangu aliipenda kweli, na mimi pia, ina mti wa mkungu mbele na upepo mzuri. Tuliiona kiangazi. Mzee mmoja jirani alitushauri tuirudie wakati wa masika. Mwezi wa Aprili tulipofika, alama ya maji ilikuwa juu ya madirisha. Mke wangu alilia garini, na sikumwambia kwamba ni nyumba tu, kwa sababu haikuwa nyumba tu: tulikuwa tumeshaishi humo mawazoni kwa miezi kadhaa. Wanaokumbuka mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, ambayo baada yake wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, watanielewa nikisema kwamba mapenzi ya kiangazi yana gharama.

Mwisho, nataka kuuliza. Nyumba tuliyoinunua hatimaye ilikuwa ya familia iliyofiwa. Siku ya kukabidhiwa funguo, mama mwenye nyumba alibaki chumbani kwa muda mrefu, na sisi tukasimama uani hatujui la kufanya. Nilijisikia kama ninamfukuza, ingawa nilikuwa nimelipa bei waliyoitaka wao. Mnunuzi afanye nini katika hali hiyo?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nakupongeza kwa subira yenu, na swali lako ni zuri.

Ninavyoona, mnunuzi hadaiwi kurudisha bei wala kuomba radhi, lakini anaweza kutoa muda. Mwache mama akae chumbani. Muulize kama kuna mche, pazia au kitasa anachotaka kuondoka nacho, na umwambie hivyo mapema, wakati wa mkataba, ili asije akaona aibu ya kuomba. Kama unakusudia kubomoa, mwambie wazi kabla ya kukabidhiana, kwa upole. Nimeona watu waliougua kwa kupita barabarani na kukuta kifusi mahali walipozaliwa, bila kuwa wameandaliwa.

Kuhusu sentensi ya mteja mwingine na kuhusu bei za kutajiwa kwa jumla, nikuongezee utafiti mmoja. Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka wanafunzi na madalali wazoefu wa mji wa Tucson, Arizona, kukagua nyumba halisi na kuikadiria thamani. Wote walipewa maelezo yaleyale ya nyumba, isipokuwa bei iliyotangazwa, ambayo ilibadilishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Makadirio yao yalifuata bei waliyooneshwa, ya madalali kama ya wanafunzi, ingawa madalali wengi walieleza kwamba hawakuizingatia bei hiyo. Kama watu wa kazi huvutwa bila kujua, sisi tunaonunua mara moja katika maisha tuna sababu zaidi ya kuandika makadirio yetu kabla ya kuuliza bei.

Mchangiaji, dalali

Nimesoma yote na sijakasirika. Mimi niliyefanya kazi hii kwa muda mrefu naomba niseme ukweli wa upande wetu, kwa sababu mkiujua mtatutumia vizuri zaidi.

Dalali hulipwa asilimia ya mauziano, na mauziano yasipofanyika hapati chochote zaidi ya hela ndogo ya kumtembeza mteja. Kwa hiyo hata dalali mwaminifu ana hamu ya jambo liishe. Tofauti ya milioni chache, ambayo kwa familia ni ada ya watoto, kwake ni kiasi kidogo sana cha asilimia yake. Msimchukie kwa hilo, ila msimwombe awaamulie bei.

Kwa wauzaji, nina ombi. Mteja anapokuja kutazama nyumba, mtu mwenye uchungu mkubwa zaidi asiwepo. Nimeshuhudia mteja mzuri akiondoka kwa sababu mwenye nyumba alimfuata chumba hadi chumba akieleza historia ya kila dirisha, na mteja akaona kwamba hapa hakuna nyumba inayouzwa. Nimeshuhudia pia mwenye nyumba akimtukana mtu kwa kutaja bei ya chini, wakati kutaja bei ya chini ni mwanzo wa mazungumzo na kila mtu sokoni anajua hivyo. Msemaji mmoja mtulivu, kama alivyosema mleta uzi, anatosha. Na nyumba isitolewe kwa madalali wengi kwa wakati mmoja, maana kila mmoja anaongeza cha juu chake, mteja anasikia bei tatu za nyumba moja, na anaamini kwamba familia haina msimamo au ina ulaghai.

Jambo jingine: hesabuni makato kabla ya kugawana kwa mdomo. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na bado kuna wakili, mthamini na sisi. Familia ikishazoea kufikiri kwa kiasi kizima, kila kinachokatwa huonekana kimeibwa na msimamizi.

Mchangiaji kutoka Tanga

Swali langu ni fupi. Sisi watoto wote tumekubaliana kuuza, mteja yupo na bei ni nzuri. Mama yetu, mjane, anaishi peke yake ndani ya nyumba hiyo na hataki kusikia. Anasema mkimaliza kunizika muuze. Tunaamini kwamba nyumba imekuwa kubwa kwake, paa linavuja na hana afya. Tumfanyeje?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tanga, kwanza nadhani neno "tumfanyeje" libadilike liwe "tumsikilizeje", kwa sababu mama yenu si kikwazo kwenye jambo lenu. Huenda nyumba hiyo ni yake kwa mchango wake wa miaka yote ya ndoa, na hata pasipo hilo huenda yeye ni mrithi wa mumewe. Watoto kukubaliana wote hakumwondolei haki yake.

Mama anaposema muuze mkimaliza kunizika, nina shaka kama amezungumzia mauziano kabisa. Mtu wa umri wake anajua vyumba vyake gizani, anajua jirani wa kumwita akianguka, anajua msikiti au kanisa na njia ya kwenda sokoni. Mkimhamishia kwa mmoja wenu jijini, katika chumba kizuri chenye feni na runinga, mmempa paa lisilovuja na mmemnyang'anya vyote hivyo. Hofu yake ina msingi. Aende mmoja wenu, yule anayemsikiliza zaidi, akakae naye siku kadhaa bila kulitaja jambo la mteja, amuulize angependa miaka hii iweje, na arudi na maneno yake kama alivyoyasema.

Wakati huo, tengenezeni paa. Inawezekana mkasita kuweka fedha katika nyumba mnayotaka kuiuza, lakini mama hawezi kuyaamini mazungumzo ya upendo akiwa ameweka ndoo chini ya mabati yanayovuja. Kama nyumba ni kubwa kwake, vyumba viwili vya nyuma vinaweza kupangishwa kwa mtu mwenye familia atakayekuwa jirani wa karibu, na kodi hiyo ikamlipia msaidizi. Kama baadaye mwenyewe atasema yuko tayari, yeye ndiye achague atakakohamia, akapaone kabla, na sehemu ya fedha iandikwe kwa jina lake mahali ambapo hakuna mtoto atakayeifikia.

Mteja mliye naye mwelezeni hali kwa uaminifu, na kama mlipokea malipo ya awali, mrudishieni yote. Akiweza kusubiri, vizuri. Akiondoka, mwacheni aondoke.